Sanduku yenye kadena tatu

Maneno haya yalitolewa na mwanamemba mumoja, mwalimu wa zamani, ku mukutano mukubwa wa shirika letu hapa Goma. Wengi waliomba tuyaandike mu gazeti juu wale hawakufika nao wayasome. Tumeyaacha vile aliyasema.

Baba musimamizi, mama mwekaji wa feza, wazee, wamama, vijana, na ninyi wafazili wetu wenye mulikuja kutuona: jambo kwenu wote.

Waliniambia: mwalimu, uko na dakika 15. Mimi nilifundisha miaka 32, na munajua mwalimu. Ukimupa dakika 15 anatumia 5 kusema kwamba 15 hazitoshe. Basi niache hiyo, nianze.

Mukutano huu ulipaswa kuanza saa tatu. Saa tatu nilikuta hapa watu wawili: mimi na mulinzi mwenye kufungua mulango. Saa ine na nusu tulikuwa kumi na mbili, na wote kumi na mbili tulikuwa tunalaumu wenye kuchelewa, hata yule mwenye aliingia wa kumi na mbili. Saa tano njo tukaomba Mungu na kuanza. Lakini mukumbuke tarehe 27 mwezi wa tano 2021. Asubuhi ile serikali ilitangaza kwamba kartie kumi za muji zihame juu ya volkano. Nani alichelewa siku ile? Hakuna. Saa mbili ya asubuhi barabara ya Sake ilikuwa imejaa mupaka hakuna nafasi ya kuweka mguu. Kumbe saa tunaijua. Ni vile tu mukutano haiko na moto nyuma yake.

Ninajua kile munangojea: pointi ya ine, kugawa sanduku. Nitafika pale. Lakini muniache kwanza nizungumuze juu yetu sisi, watu wenye kukimbia na kurudi. Mimi nimekimbia mara ine: 2002, 2012, 2021 na 2025. Mutu mwenye amekimbia mara ine anakuwa kama profesa ya watu, juu amewaona bila nguo zao za siku ya Mungu. Na amejiona yeye mwenyewe pia.

Kile mutu anabeba

Tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002, Nyiragongo ilipasuka. Lava ilishuka, ikapita katikati ya muji, ikaingia mu ziwa. Sisi tukavuka Gisenyi, watu mamia ya maelfu. Nilisimama ku kando ya barabara nikiangalia ile watu wanabeba. Mama mumoja alibeba pasi ya makala na akasahau viatu vyake. Kijana mumoja alibeba televizyo, na kule tulikuwa tunaenda hakukuwa hata tundu la kuingiza waya. Baba mumoja alibeba mulango ku kichwa. Nikamuuliza: «Ndugu, na nyumba?» Akanijibu: «Nyumba nitajenga. Lakini huu mulango ni mbao ya kweli.»

Na kulikuwa mutu mwingine. Huyo alifunga nyumba yake na funguo, akazungusha mara mbili, akavuta mulango kuona kama umefunga vizuri, njo akakimbia. Lava haipigake hodi, lakini yeye alifunga. Nyumba iliisha siku ileile. Funguo iko mupaka leo. Musicheke sana, juu mutu yule ni mimi, na funguo ni hii.

Kule Gisenyi walituambia tungoje. Kisha siku mbili tatu watu wakaanza kurudi, na mawe yalikuwa yangali moto, viatu vinanuka. Wageni walishangaa: hawa watu wako na akili gani, wanarudi ku moto? Hawakuelewa kwamba mutu wa Goma haogope moto sana. Anaogopa jirani yake afike wa kwanza.

Nilirudi, nikakuta majirani wangu wawili wanagombana juu ya mupaka wa parcelle. Wote wawili hawakuwa tena na nyumba. Parcelle zao zilikuwa chini ya mawe yenye kupita urefu wa mutu. Lakini mupaka ulikuwa muzima! Wanapima na miguu juu ya lava. Mumoja anasema: «Hapa njo saloni yangu.» Mwingine anasema: «Wapi! Hapo njo choo yangu.» Shefu wa nyumba kumi alikuja kukata maneno, naye akaanza kwa kuuliza nyumba yake yeye ilikuwa fasi gani.

Kisha tukafanya nini? Tukavunja lava na nyundo na tukajenga na mawe yake. Leo kuta nyingi za parcelle mu muji huu ni yule adui mwenyewe, tumemupanga mustari na tumemupaka simenti. Na wale majirani wangu wawili? Waligombana miezi sita. Kisha wakapiga hesabu, wakaona kwamba ukuta mumoja wa kugawana unaomba feza kidogo kuliko kuta mbili za kununiana. Ukuta ule ungali pale. Hakuna anayejua tena mawe ya nani njo ya nani.

Ginsi habari inakimbia

Volkano inakimbia, lakini habari inakimbia kuipita. Usiku wa tarehe 22 mwezi wa tano 2021 lava ilishuka tena, ikasimama Buhene, karibu ya uwanja wa ndege. Siku tano nyuma yake walituambia tuhame. Ni kweli kwamba Ziwa Kivu iko na gazi chini yake. Wenye kusoma mambo ya volkano wanasema hivyo na tunapaswa kuwasikiliza. Lakini mu barabara ya Sake, gazi ile ilikuwa imeshapasuka mara tatu kabla tufike Mugunga. Na kila mutu mwenye kuleta habari alikuwa na shemeji yake mukubwa serikalini. Siku ile niligundua kwamba serikali yote ya inchi yetu imejaa mashemeji.

Nimeona kitu kimoja. Habari nzuri, tunauliza: «Nani alikuambia?» Habari mubaya, tunauliza tu: «Na kisha?» Mimi pia nilipeleka habari moja njiani mwaka ule. Nitawaambia ni gani, lakini si sasa. Nitafute nguvu kwanza.

Mu liste

Twende ku liste. Wafazili, muzibe masikio kidogo. Hapana, musizibe, musikilize.

Siku ya kuandikisha watu wa kupewa musaada, mama mwenye watoto wane anakuwa na saba. Babu mwenye alikufa anafufuka bila kungoja siku ya mwisho. Mujomba wa Butembo analala kwetu usiku mumoja. Lakini siku ya muchango wa shirika, mutu uleule anakuambia: «Ee mwalimu, mimi niko peke yangu tu.» Familia ya mukimbizi ni kama mupira wa watoto: inajaa na inatoka hewa kufuatana na nani amebeba kalamu.

Ninasema hivyo juu nilifanya. Mwaka mumoja nilikuwa mu kambi, nikaandika watu tisa. Mu bashi yetu tulikuwa saba. Hao wawili sikuwazaa, bibi yangu njo aliwapa majina, na mimi mwalimu nikayaandika na herufi nzuri. Walikuwa watoto wa adabu sana: hawakulia, hawakugonjwa, na kila mwezi walileta ku nyumba unga, maharagi na mafuta.

Ninyi pia, wafazili, muko watu kama sisi. Nimeona choo ya milango miwili yenye kibao cha kutangaza mufazili, na kibao kilikuwa kikubwa kuliko choo. Mvua ikinyesha, watu walikuwa wanajificha ku kibao. Nimeona fomu yenye kuuliza: «Musaada ulikufurahisha (a) sana (b) sana kabisa?» Na mutoto wa kutuuliza alikuwa anasimama karibu ya gunia yenye tulikuwa hatujapewa bado. Unafikiri tutajibu nini? Sisi tunaongeza watoto, ninyi munaongeza vibao. Tusameheane.

Lakini sikuleta hiyo kusudi mucheke tu. Siku moja ya kugawa mafuta, gari iliisha kabla ya mustari. Ku mwisho wa mustari kulikuwa mama kijana mwenye mutoto wa juma mbili mu mugongo. Hakupata. Alitandika kitenge chake chini, akakaa, hakusema kitu. Mimi nilipita mbele yake na bido yangu, na mu bido ile kulikuwa mafuta ya wale watoto wangu wawili wa karatasi.

Ningependa kuwaambia kwamba nilisimama nikamupa. Sikusimama. Kisha siku mbili nilimupelekea nusu litre, na akanishukuru sana, akaniombea. Na mimi nilipokea maombi yale kama mutu mwenye kutoa kitu chake.

Tangu pale, mutu akiniambia kwamba uongo mu liste ni kuibia wazungu, ninakataa. Wazungu hawakuwa mu mustari ule.

Dola na franka

Jambo lingine, munalijua wote. Mu inchi yetu, dola yenye kupasuka kidogo kama kucha ya mutoto, hakuna mutu ataipokea. Muchuuzi anaiangalia ku jua, anaipapasa, anairudisha na kichwa. Lakini franka yetu yenye kutoboka, kuoshwa mu sabuni na kushonwa na karatasi ya gamu, inatembea tu, hata picha yake haionekane tena. Tangu benki zilifunga milango hapa Goma mwezi wa kwanza 2025 na feza ya mukononi ikawa shida, tumeona noti zenye kuomba wenyewe zilale.

Sasa mufanye uchunguzi huu. Mutu anaangalia dola vizuri wakati gani? Wakati anaipokea. Wakati anaitoa, anaikunja haraka na anazungumuza juu ya hali ya hewa. Macho yetu iko mazima ku mukono wa mwingine, na ku mukono wetu iko na ukungu. Na si ku feza tu. Ni vile tunaangalia mutu mwenye kuchunga mali ya wote: tunamuinua ku jua, tunatafuta fasi amepasuka.

Sanduku

Hapo njo nimefika ku sanduku.

Vijana wenye hawajui: sanduku yetu inafuata sheria ya AVEC zote. Iko na kadena tatu. Funguo tatu ziko na watu watatu, na sanduku yenyewe inachungwa na mutu wa ine mwenye hana funguo. Mwenye kufungua hana sanduku, mwenye sanduku hafungue. Ni sheria ya watu wenye kupendana na wenye kujuana vizuri.

Tarehe 27 ile ya 2021, funguo ya kwanza ilikimbilia Sake. Funguo ya pili ilikimbilia Minova. Funguo ya tatu ilivuka Gisenyi. Na sanduku? Mama wetu aliifunga mu kitenge, akaiweka ku kichwa, akashika watoto wake, akatembea. Aliacha matela, aliacha sufuria kubwa. Sanduku ni ya chuma, munajua uzito wake, na mutu wa kuibeba hawezi kubeba kitu kingine.

Walilala mu darasa ya masomo na familia nyingine nyingi. Watoto wake walikula mara moja kwa siku, na siku zingine ile mara moja ilikuwa chai. Kichwa yake ilikuwa inalala juu ya feza yetu yote. Kadena si kitu. Mawe mu Kivu haikosekane. Jiwe moja, kupiga mara mbili, imeisha. Na nani angemuhukumu? Angesema: waliniibia njiani. Tungeamini nusu, tungenungunika nusu, na mambo yangeisha.

Wakati ule sisi wengine tulikuwa tunafanya nini? Tulikuwa tunazungumuza. Hapo njo habari yangu, ile niliwaahidi. Ku Sake, mbele ya watu sita ao saba, mimi mwalimu nilisema: «Yule mama ameshavuka na sanduku. Mutamuona tena wapi?» Sikuwa nimemuona. Hakuna mutu alikuwa ameniambia. Niliisema tu juu nilikuwa na njaa na nilikuwa na hasira, na mutu mwenye njaa na hasira anatafuta mwizi kama vile anatafuta kiti. Kisha siku mbili habari yangu ilinirudilia toka Minova. Ilikuwa imenona: mama alikuwa ameshanunua moto ya kutembeza watu.

Kuanzia tarehe 7 mwezi wa sita, watu waliambiwa warudi. Mama alirudi. Alituita, funguo tatu zikakutana, tukafungua. Tukahesabu: yote iko. Tukahesabu tena: yote iko. Mara ya kwanza tulihesabu juu ni sheria. Mara ya pili tulihesabu juu hakuna mutu alitaka kuinua uso.

Yeye aliomba kitu kimoja tu: tuandike mu kitabu kwamba kadena ya pili imeingia kutu na inapaswa kununuliwa ingine.

Sikumuomba samahani siku ile. Nilisema «Mungu akubariki, mama», kama vile ninasemaka. Leo yuko amekaa pale nyuma, karibu ya dirisha. Mama, mimi njo nilikutolea ile neno. Nilikukosea. Ninakuomba samahani mbele ya watu, juu nilikuchafua mbele ya watu.

Ile ninaomba

Sasa pointi ya ine. Wenye kutaka tugawe sanduku, siwazarau. Wanasema: hatujue kesho; benki zimefunga; sanduku mu nyumba ya mutu inaita wezi; kila mutu achukue yake, akimbie nayo siku ya kukimbia. Ni maneno ya akili. Ni maneno ya watu wenye wamekimbia mingi.

Lakini nilipiga hesabu. Tukigawa, kila mutu atarudi na feza ya gunia moja ya makala na maharagi kidogo. Kisha juma mbili makala ni majivu. Feza ileile ikikaa pamoja imefanya nini? Imezika wazee wetu na sanduku ya mbao, si na mukeka. Imetoa ku hospitali mama mwenye walimuzuia na mutoto wake juu ya deni ya kuzaa. Imeweka manjanja ku nyumba za wajane watatu wenye walirudi na wakakuta ukuta bila kichwa. Hakuna kati yetu mwenye angefanya hata moja ya hayo na gunia ya makala.

Tena, mutu anaogopa wezi? Dawa yake si kugawa, ni kukopesha. Feza yenye iko ku biashara ya sombe, ya samaki, ya sabuni, mwizi hawezi kuibeba usiku mumoja. Sanduku nzuri ni ile yenye kitabu kizito na feza kidogo ndani.

Basi ninaomba mambo mane. Moja, tusigawe. Mbili, kitabu kisomwe kwa sauti kila mwezi, mbele ya wote, kusudi mutu mwenye shaka aitoe hapa na asiipeleke ku barabara ya Sake. Tatu, wenye walichelewa kulipa juu walikuwa wamekimbia, wasifukuzwe. Wapewe miezi mitatu. Shirika la wenye kurudi haliwezi kufunga mulango juu ya mutu mwenye amechelewa kurudi. Ine, mu kaso ya kusaidiana ninaweka leo bei ya mafuta ya watoto wawili. Wale wawili wamekomaa sasa, walipe.

Hii funguo yangu ya 2002, watoto wangu wananiuliza juu ya nini ninaichunga. Nilikuwa ninawaambia ni ukumbusho. Ukweli ni kwamba iliniambia kila siku: ungekuwa peke yako na mulango wako, ungekuwa na nini leo? Chuma ya kuweka mu mufuko.

Dakika zangu 15 zimeisha zamani. Hakuna mutu alinikatiza, juu wote mulichelewa na munaona haya. Ninaomba kura ipigwe kabla ya chakula. Kisha chakula munajua tutabakia watu wangapi.

Asanteni.

Mwandishi wa gazeti anaongeza: kura ilipigwa kwa kuinua mikono, kabla ya chakula. Sanduku haikugawiwa, na mambo mengine matatu yalikubaliwa pia. Walipouliza kama kuko mutu mwenye neno, mama wa sanduku alisimama pale karibu ya dirisha. Alisema: «Mwalimu, ile neno nilijua ni yako tangu 2021. Nimekusamehe zamani. Lakini kadena ya pili ingali na kutu.»